Lifti ya Gari Shambani: Anza na Sakafu, Mashine Baadaye



Siku hizi naulizwa sana kuhusu lifti ya nguzo mbili ya kunyanyulia magari. Ukiwa na pikapu mbili za kupeleka nyanya sokoni, haipiti wiki bila springi, breki au oili ya kumwaga. Wazo ni zuri. Ila wengi wanaanza na bei ya mashine. Mimi nauliza kwanza: banda lako lina sakafu gani?

Sakafu ndiyo inayobeba

Pikapu ya milango minne ina uzito wa karibu tani 2. Ikiwa juu, mzigo wote uko kwenye nguzo mbili zilizofungwa sakafuni kwa bolti. Zege likiachia, nguzo inalala na gari linamwangukia aliye chini. Mabanda yetu mengi yana zege jembamba la kuwekea magunia, juu limepigwa niru likang'aa. Mng'ao usikudanganye. Toboa tundu dogo upime unene.

Fuata kitabu cha mashine yako. Lifti nyingi za aina hii zinataka zege imara lisilopungua sentimita 10. Mimi nashauri 15. Kama unamwaga upya:

- Shindilia udongo vizuri, weka nondo.
- Changanya ndoo 2 za saruji, 3 za mchanga, 6 za kokoto. Maji yasizidi.
- Mwagilia siku 7 mfululizo, kisha subiri hadi siku 28 zitimie ndipo ufunge lifti.

Usitoboe karibu na ufa au ukingo wa zege. Puliza vumbi lote kwenye tundu, la sivyo bolti haitashika. Simamisha nguzo kwa pima maji, kaza kwa spana ya kupimia nguvu, na urudie kukagua bolti mara kwa mara.

Paa na umeme

Pima kimo cha banda pamoja na kimo cha gari likiwa juu. Mota ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, iwe na swichi yake ya kuzimia na waya wa ethi. Kama umeajiri watu, karakana yako ni mahali pa kazi, hivyo OSHA inakuhusu.

Kabla ya kuingia chini

1. Shusha mifuko yote ya mbolea. Mzigo wa nyuma unaharibu mizani.
2. Weka mikono ya lifti kwenye sehemu za chesisi zilizotajwa na mtengenezaji wa gari.
3. Nyanyua kidogo, tikisa gari. Likicheza, shusha upange upya.
4. Likifika juu, lishushe likalie loki za pande zote mbili. Usitegemee haidroliki peke yake.
5. Ukitoa injini au difu uzito unahama. Weka stendi ndefu kwanza.

Trekta usilipandishe kwenye lifti hii. Lenyewe ni jeki, stendi imara na vigingi vya magurudumu, kwenye sakafu tambarare.

Kama hela ya msimu huu haitoshi sakafu na lifti, mwaga sakafu kwanza. Utaitumia na jeki na stendi, na msimu ujao lifti itakuta mahali pa kusimama. Kijana unayemtuma chini ya gari ana watu wanaomsubiri nyumbani.