Kilatini Mikononi mwa Mudimbe

Mzazi wa Goma akisikia mtoto wake amechagua Latin-Philo, mkondo wa sekondari wa Kilatini na falsafa, neno la kwanza huwa: utakula nini? Swali lina uzito katika mji uliopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ikaufikia tena pembezoni mwaka 2021, mji unaohitaji waganga na mainjinia kuliko wasomaji wa Virgil. Hata hivyo maisha ya mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, Kongo, aliyefariki Aprili 2025, yanaonyesha kuwa elimu hiyo inaweza kugeuka silaha, mradi anayeishika ajue anamlenga nani.

Alizaliwa 1941, akasomeshwa na mapadri, akaingia utawa wa Wabenedikto nchini Rwanda kisha akauacha. Kilatini alikipata humo, kwa watu ambao hawakuwa na nia ya kumfundisha uasi. Tasnifu yake ya udaktari, Louvain 1970, ilifuatilia maana za neno moja tu, hewa, katika Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Anasa, wengi wangesema. Lakini mazoea hayo ya kuuliza neno limetoka wapi, nani alilitumia na kwa faida ya nani, ndiyo yaliyozaa The Invention of Africa mwaka 1988. Humo alionyesha jinsi maandishi ya wamisionari, wasafiri na wanaanthropolojia yalivyoegemeana hadi yakawa kile alichokiita maktaba ya kikoloni, na jinsi hata Waafrika, walipotaka kujieleza, walivyochota humo humo. Mwaka 1994, katika The Idea of Africa, alirudi nyuma hadi kwa Wagiriki. Herodotus alikuwa ameandika habari za watu wa Libya wenye vichwa vya mbwa, na wengine wasio na vichwa, macho yao kifuani. Asiyeweza kuyaingia maandishi ya namna hiyo atayakasirikia kwa mbali tu.

Wapo watakaosema: mbona alikimbia? Ni kweli, aliyekuwa mkuu wa kitivo Lubumbashi, chini ya chuo kikuu kimoja cha taifa kilichoundwa 1971, aliishia kufundisha Stanford na Duke, Marekani. Ila kilichomwondoa ni utawala wa Mobutu, uliotaka kumwingiza katika uongozi wa chama chake. Kigiriki hakikuwa na hatia hapo. Lawama ya pili ni nzito zaidi, nami siipingi: vitabu vyake, kwa Kifaransa au Kiingereza, ni vigumu hata kwa wasomi, na mtoto wa mtaa wa Birere, Goma, hana pa kuvianzia.