Umeme Mpya Nyumbani: Kagua Kabla ya Kuwasha

Nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Wilaya ya Misungwi. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nyaya zimezidi kusogea vijijini. Huenda nyumba yako imekwisha kufungwa waya. Unangoja tu mafundi wa TANESCO waje kuunganisha. Siku hiyo watoto watakimbilia swichi. Wazuie kwanza.

Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Hauonekani wala haunuki. Unaijua balbu ndogo ya wati 10? Umeme unaotosha kuiwasha balbu hiyo, ukipita katika kifua cha mtu, unaweza kusimamisha moyo wake. Tena mkono ulioshika waya hukaza wenyewe. Mtu hutaka kuachia, asiweze. Ndiyo maana tunaandika habari hii katika ukurasa wa afya.

Nyumba nyingi hukaa na waya kwa miezi kabla umeme haujaja. Ukiweka mpunga ndani, panya hufuata, na panya huguguna waya. Nyigu hujenga ndani ya visanduku vya swichi. Bati huvuja na ukuta hulowa. Kwa hiyo zunguka nyumba mchana, swichi kuu ikiwa imezimwa. Tazama kila swichi, kila soketi na kila holda ya taa. Je, kifuniko kimepasuka? Kinacheza? Kuna waya unaoonyesha shaba? Tazama hasa mahali waya unapopita karibu na bati. Ukingo wa bati ni kisu. Ukichubua waya, paa zima laweza kuwa na umeme.

Wewe tazama kwa macho tu. Usifungue kitu, hata ukiambiwa umeme bado haujaja. Kufungua ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Lakini kuna kosa ambalo macho hayalioni. Kwenye taa huenda nyaya mbili. Mmoja huleta umeme, mwingine huurudisha. Swichi lazima ikate ule unaoleta. Fundi asiye makini akiifunga kwenye ule unaorudisha, taa itawaka vizuri na kuzimika vizuri. Hutashuku lolote. Kumbe taa ikiwa imezimwa, umeme bado umekaa kwenye holda, unangoja kidole cha mtu anayebadili balbu. Kwa hiyo siku ya kuunganishwa, fundi apime kila holda kwa testa mbele yako. Swichi ikizimwa, holda isiwe na umeme. Mafundi wengine hukasirika wakiulizwa hivi. Akasirike tu. Utakayelala humo ni wewe.

Kwenye bodi tafuta pia swichi ya usalama yenye kitufe kilichoandikwa T. Swichi hii hukata umeme haraka unapovuja. Umeme ukishafika, bonyeza T. Swichi ikijiangusha, ni nzima. Isipojiangusha, au kama haipo kabisa, mwite fundi. Nje ya nyumba kuna nondo iliyopigwa ardhini na kufungwa waya. Waya huo usilegee. Na usifunge mbuzi hapo.

Sasa washa, mikono ikiwa mikavu na viatu miguuni, swichi moja moja. Ukisikia harufu ya kuungua au mlio, au ukiona cheche, zima swichi kuu. Usijaribu tena.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu. Usipoweza kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umwondoe kwenye waya kwa mti mkavu. Kama hapumui, mlaze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiinuka na kusema hajambo, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, kwa maana umeme huweza kuunguza ndani ya mwili na kuacha alama ndogo tu juu ya ngozi.