Neno "Kunoki" na Sauti Tatu za Injini

Miongoni mwa maneno ambayo mafundi wa magari wameyaingiza katika Kiswahili bila kungoja idhini ya mtu, kunoki ni mojawapo lililoenea mno. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kugonga. Hata hivyo, katika gereji zetu, injini "iliyonoki" mara huwa ni injini inayogonga, mara huwa ni injini iliyokwisha kufa kabisa. Anayeumia zaidi kwa utata huo ni yule aliyefungua injini yake nyumbani kwa mara ya kwanza, akabadilisha ringi na beringi, akaifunga, akaiwasha, kisha akasikia sauti asiyoijua.

Mmoja wetu yalimfika hayo. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, yenye kabureta na distributa kama magari ya zamani. Alimweleza fundi kwa maneno tu kwamba "inanoki kidogo". Fundi akadhani ni tapeti, akamwambia aendelee kuendesha hadi injini ikae. Kumbe zilikuwa beringi. Siku ya tatu konrodi ilitoboa bloku.

Kwa hiyo twapendekeza sauti zitengwe. Ya kwanza iitwe kugogota, kama afanyavyo ndege kigogota: sauti nyepesi, ya haraka, itokayo juu, chini ya kifuniko cha valvu. Sababu yake kwa kawaida ni nafasi ya tapeti iliyozidi, nayo hurekebishwa kwa bamba jembamba la kupimia.

Ya pili ibaki kugonga. Hii ni nzito, hutoka chini, na huzidi mtu akanyagapo mafuta wakati injini imepata moto. Hapo hapana budi kuizima injini kwanza. Fundi akitaka kujua kosa liko wapi, huiwasha kwa muda mfupi tu na kuinyima cheche silinda moja baada ya nyingine. Sauti ikipungua, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo yenye kasoro. Taa ya oili isipozimika upesi baada ya kuwasha, asingojee hata kusikia sauti.

Ya tatu twaiita kualika, kama vidole vinavyoalika. Husikika gari lipandapo mlima na mzigo, hasa kwa kuwa cheche inawahi mno, na huenda ikatulia distributa ikirudishwa nyuma kidogo. Tunajua kwamba kualika pia ni kuita wageni, lakini hatudhani mtu atafikiri injini inaita watu arusini.

Neno jingine lenye mashaka ni taiming, maana linabeba mambo mawili: kufunguka na kufunga kwa valvu, na kutoka kwa cheche. Twapendelea majira ya valvu na majira ya cheche. Injini iliyofungwa upya ikikataa kuwaka, ikabaki kurudisha moto kwenye kabureta, mara nyingi ni hayo ya pili yaliyokosewa. Krenkshafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Basi pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili, na ni mara moja tu inapokuwa imegandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Aliyeifunga distributa kwa kufuata ile mara nyingine ameikosea nusu duara nzima.

Mgandamizo wenyewe hupimwa kwa geji penye tundu la plagi. Ukiwa hafifu, hutiwa kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda, kisha hupimwa tena. Ukipanda, kosa ni la ringi. Usipopanda, hutazamwa valvu au gasketi ya hedi.

Kunoki lenyewe hatulifukuzi. Libakie kwa injini iliyokwisha kufa, kwani wasemaji wengi wamekwisha kulizoea hivyo.