Je, Mwenye Nyumba Aweza Kumzuia Mpangaji Kutumia Wi-Fi na Dishi?

Kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, vyumba vingi vya kupanga sasa vina ruta za intaneti, ving'amuzi na madishi. Humo huzuka mabishano: je, mwenye nyumba aweza kumkataza mpangaji kuvitumia? Jibu hutegemea kinachobishaniwa: mawimbi, jengo au umeme.

Mawimbi si mali ya mwenye nyumba. Masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ruta iliyowekwa mezani chumbani hailigusi jengo. Aidha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti haki ya kukaa kwa utulivu alipopanga. Amri ya ghafla ya kuzima ruta, isiyotokana na mkataba, ni vigumu kuitetea.

Jengo, hata hivyo, ni lake. Kutoboa ukuta, kusimamisha mlingoti au kufunga dishi juu ya bati kwahitaji ridhaa yake, nayo heri iwe ya maandishi. Aliyetoboa bati hupaswa kuliziba anapohama. Mahali ambapo miinuko ya Mlima Meru hukinga mawimbi ya mnara, antena ya ndani huenda isitoshe. Suala hilo lizungumzwe kabla ya kodi kulipwa.

Kuhusu umeme, wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU wafanye hesabu. Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 hutumia uniti 7.2. Kwa hesabu hiyo mchango wa haki hupangika bila ugomvi.

Iwapo mkataba uliotiwa saini una sharti la kukataza vifaa hivyo, mpangaji hufungwa nalo mpaka pande zote zikubaliane kulibadili. Hivyo mkataba na usomwe wote kabla ya kusainiwa.

Maelewano yakishindikana, kufunga mlango wa mpangaji au kumkatia umeme si njia ya kisheria. Shauri lipelekwe Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha bila kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi. Upatanishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na mkataba na stakabadhi zake za kodi.