Wakati Unaofaa Kufungua Nyumba ya Kulaza Wageni

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba, wakiwemo watumishi wa Serikali wanaokaribia kustaafu, wamekuwa wakitumia akiba au kiinua mgongo chao kutengeneza nyumba kwa ajili ya kuwakodisha wageni kwa siku chache chache, na kuzitangaza katika mitandao ya kimataifa. Aghalabu suala la lini nyumba ifunguliwe huachwa lijiamulie lenyewe: fundi akimaliza kupaka rangi Jumamosi, tangazo huwekwa Jumapili. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tarehe hiyo ina uzito mkubwa, na ni ipi inayoelekea kufaa kwa hapa Visiwani.

Kwanza ifahamike namna mitandao hiyo inavyofanya kazi. Mgeni aliyeko Italia au Ufaransa hana jamaa wa kumuuliza juu ya nyumba iliyopo Jambiani. Anachokitegemea ni maoni ya waliomtangulia. Katika Airbnb, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 2008, wastani wa nyota za nyumba hauonekani mpaka wageni watatu wawe wametoa maoni yao. Kwa sababu hiyo wageni watatu wa mwanzo wana thamani kuliko thalathini wanaofuata. Wakiondoka wameridhika, nyumba imepata wasemaji wake. Lakini mmoja wao akiandika kwamba dari lilivuja na maji ya bomba hayakutoka siku mbili, maneno hayo yatabaki hapo kwa muda mrefu baada ya dari kuzibwa.

Mtandao huo huo humpa mwenye tangazo jipya hiari ya kupunguza bei kwa asilimia 20 kwa wageni watatu wa mwanzo. Tuchukue mfano wa nyumba ya dola 40 kwa usiku, na kila mgeni akae siku nne. Punguzo lote ni dola 96. Nyumba ile ile ikifunguliwa siku za mwisho wa Disemba, ambapo huenda ingekodishwa kwa dola 70, punguzo litafikia dola 168, na mwenyewe atakuwa anajifunza kazi katika wiki ambayo hakuna fundi wala dobi mwenye nafasi. Anayengojea siku za bei kubwa ndipo afungue hujiona mjanja, lakini hesabu haimuungi mkono.

Msimu wa wageni hapa kwetu unafuata pepo na mvua. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango kwa matengenezo. Kusi huvuma baada ya hapo, hali ya hewa ikawa ya baridi kiasi, na wageni wa Ulaya huja kwa wingi Julai na Agosti, wakati wa likizo za skuli zao. Vuli huleta mvua za Novemba, kisha wageni hurudi tena kuanzia wiki ya Krismasi hadi Februari, wakati wa kaskazi. Wengi wao huweka nafasi wiki kadhaa, na wengine miezi kadhaa, kabla ya safari. Kwa hivyo tangazo linalowekwa Julai limeshawakosa wengi wa wageni wa Julai.

Kwa maoni yetu, mwenye nyumba mpya afanye hivi: tangazo liwekwe mwanzoni mwa Mei, nyumba ianze kupokea wageni wiki ya pili ya Juni, na bei ya mwanzo iwe ya chini. Wageni wa Juni si wengi, na ndio maana wanafaa, kwani mwenye nyumba atapata nafasi ya kurekebisha kasoro kati ya mgeni mmoja na mwengine. Faida nyengine ni kwamba masika yote yatakuwa yamepita juu ya paa lake. Hili ni muhimu khasa kwa nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe na chokaa na boriti za mikoko, ambazo huficha uvujaji wakati wa kiangazi. Maporomoko ya sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020 yanatosha kuonesha kwamba majengo hayo si ya kufanyiwa haraka. Ukarabati wowote huko unahitaji idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, nayo iombwe mapema.

Paje ina hesabu yake ya peke yake, kwa kuwa wageni wake wengi hufuata upepo kwa ajili ya mchezo wa tiara za baharini. Upepo ukilala baina ya kaskazi na kusi, hao hawapo.

Mwezi wa Ramadhani nao huzingatiwa na wachache. Hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2027 unatarajiwa kuangukia Februari, na mwaka 2028 kuanza mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea mwandamo. Maana yake ni kwamba utakuwa ndani ya msimu wa kaskazi. Migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na mgeni asiyeambiwa hayo kabla hulalamika kwa haki. Tangazo liyaeleze wazi. Vile vile anayetegemea tamasha la filamu au la muziki asichukue tarehe za mwaka uliopita, kwa sababu hubadilika.

Yote haya hayana maana bila leseni. Sheria ya Utalii ya Zanzibar ya mwaka 2009 inamtaka kila anayeendesha biashara ya utalii awe na leseni, na nyumba ya vyumba viwili haikusamehewa kwa udogo wake. Anayetaka kufungua Juni aende Kamisheni ya Utalii na Mamlaka ya Mapato Zanzibar mwanzoni mwa mwaka, si Mei.

Nyumba iwe na tangi la maji na taa za akiba. Waliokuwa na wageni Disemba 2009 wanakumbuka kwamba umeme ulikatika Unguja tarehe 10 ya mwezi huo na haukurejea mpaka Machi 2010.

Lipo jengine ambalo halimo katika hesabu za msimu. Baadhi ya nyumba hizi zina wapangaji, wengine wa miaka mingi, wenye watoto wanaosoma skuli za jirani. Tarehe ya kufungua ikipangwa mapema, mpangaji naye apewe notisi ya kutosha kwa maandishi, na ikiwezekana asihamishwe katikati ya muhula wala ndani ya masika. Sheha apewe taarifa kabla mgeni wa kwanza hajafika, na kitabu cha majina ya wageni kiwepo mlangoni tangu siku hiyo.