Uhakiki wa Bustani katika Nchi Kame

Uhakiki wa bustani ni kazi ya kulitazama shamba, pamoja na yale yanayosemwa kulihusu redioni, kwenye runinga na magazetini, kisha kueleza waziwazi kilichostawi, kilichoshindwa na sababu zake. Vitabu na filamu vina wahakiki wao. Mashamba mara nyingi husifiwa tu. Katika kaunti za Kitui na Makueni sifa zisizopimwa huumiza, kwa sababu mkulima aliyepotoshwa kuhusu zao hupoteza msimu mzima, na kwa mwaka ana misimu miwili pekee.

Kati ya misimu hiyo, ule wa Oktoba hadi Desemba ndio wa kutegemewa. Mvua za Machi hadi Mei mara nyingi hukatika mahindi yakiwa bado hayajabeba. Tena mahali si pamoja: milima ya Mbooni na Kilungu hunyeshewa vizuri kuliko nyanda za Makindu, ambako wastani wa mwaka ni kama milimita 600. Ndiyo maana mhakiki huanza kwa kuuliza picha ilipigwa wapi na mwezi gani. Shamba la Mwingi lililopigwa picha Desemba likiwa kijani kibichi halisemi lolote kuhusu hali yake Septemba, na Septemba ndiyo inayompa mtu jibu.

Kinachofuata ni maji. Bustani ya gunia inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana imesifiwa sana. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati ikaachwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, na sukuma wiki ikapandikizwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Kwenye picha hupendeza. Mhakiki makini hulizunguka. Miche ya juu huenda ina majani mapana, lakini ile ya chini, upande unaopigwa na jua la alasiri, imedumaa na kugeuka manjano: kokoto zimezibwa na udongo, maji hayafiki. Kisha huuliza maji yanatoka wapi. Magunia manne yakinyweshwa lita 5 kila moja kwa siku, huo ni mtungi mzima wa lita 20, na mto ukikauka mtungi huo hujazwa kwa kuchimba mchangani na kubebwa mgongoni au kwa punda. Makala inayotaja bei ya mboga na kuziacha saa za kuteka maji haijamsaidia msomaji. Boma lililo jirani na bwawa la mchanga, yaani ukuta uliojengwa kukinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji yasinyonywe na jua, lina hadithi nyingine kabisa, na haki ni kusema hivyo.

Udanganyifu mkubwa zaidi hukaa kwenye hesabu za ekari: idadi ya miche, mara mavuno ya mche uliotunzwa vizuri kupita yote, mara bei ya juu kabisa. Ndivyo Wakenya wengi walivyoingia kwenye ufugaji wa kware mwaka 2013, na mwaka uliofuata soko la mayai likafurika na bei ikaporomoka.

Kwa upande wa mimea, kisa cha jatrofa kinafundisha kuliko vyote. Miaka ya 2000 ilitangazwa duniani kote kuwa ingestawi kwenye ardhi kame bila maji mengi na kutoa mafuta ya kuendeshea magari, na Ukambani, ziliko kaunti hizi mbili, nako ikapandwa. Mwaka 2009 kampuni ya Endelevu Energy, pamoja na vituo vya utafiti wa miti na misitu vya ICRAF na KEFRI, ilitoa ripoti iliyoandaliwa kwa shirika la Ujerumani la GTZ. Walichofanya ni kuwaendea wakulima waliokwisha kupanda na kupima walichovuna. Mavuno yalikuwa haba mno, na gharama hazikurudi. Ripoti ikapendekeza wakulima wadogo wasihimizwe kuipanda kama zao. Wanaweza kuitumia kama ua tu. Huo ni uhakiki wa kuheshimika, na laiti ungetangulia matangazo.

Vyombo vya habari navyo huhakikiwa. Kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012 kwenye runinga ya Citizen, huzuru shamba la familia moja na kuwaonyesha watazamaji kazi ikifanyika, hatua kwa hatua, jambo ambalo makala nyingi hazifanyi. Lakini vipindi vya namna hii huwa na wadhamini, wakiwemo wauza pembejeo, kwa hiyo ushauri uliotokana na majaribio ya KALRO, shirika la umma la utafiti wa kilimo, pale Katumani hauwezi kuwekwa mizani moja na ule unaotaja jina la dawa. Redioni, ambako msikilizaji halioni shamba, mtangazaji anadaiwa zaidi: aina ya udongo, tarehe ya kupanda, na kama ndengu zile za aina iitwayo nailoni zilizovunwa baada ya miezi miwili zilinyeshewa au zilimwagiliwa.

Mhakiki muungwana hulitenga shamba na mwenyewe. Humpa mkulima nafasi ya kueleza, maana kosa huenda lilitoka kwa aliyemuuzia mbegu.

Maembe ya Makueni yanaonyesha kwa nini jicho lazima lishuke chini. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka 2014 nchi ikasitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yake. Biashara hiyo ilirudi mwaka 2021, baada ya kazi kubwa ya kumdhibiti nzi huyo, Makueni ikiwa mstari wa mbele. Mwembe uliosheheni humvutia mpiga picha. Anayehakiki huinama chini yake, akatazama kama maembe yaliyoanguka yamefukiwa au yameachwa yaoze yakiwa na funza, kisha huhesabu mitego iliyotundikwa matawini na kuuliza ilibadilishwa dawa lini.