Dar ya mchana na Dar ya usiku, ikitazamwa kutoka Kigamboni

Picha ya Dar es Salaam inayopendwa kuliko zote ni ya usiku. Imejaa kwenye kalenda, kwenye kuta za ofisi na kwenye mabango: maghorofa ya Posta yamewaka, maji meusi yametanda mbele yake. Ni picha nzuri, na wengi wanaoipiga ni mafundi wa kweli. Lakini haitoshi. Anayetaka kulijua jiji hili kwa kamera apande pantoni, avuke, achague mahali pamoja ufukweni Kigamboni, apige asubuhi, kisha arudi pale pale jioni apige tena kwa lenzi ile ile. Naliamini hili kwa dhati, kwa sababu kila picha kati ya hizo mbili inaficha kitu ambacho mwenzake anakitoa hadharani.

Tuanze na asubuhi. Kigamboni iko kusini-mashariki mwa katikati ya jiji, ng'ambo ya mlango wa bandari, kwa hiyo jua linachomoza nyuma ya mgongo wa mpiga picha na kuyamulika majengo usoni. Kuanzia saa 1 hadi kama saa 3 kila kitu kinasomeka. Utaliona paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front na mnara wa Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi ya Wajerumani. Utaiona hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965, ambayo zamani ilionekana jitu. Kisha minara pacha ya PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari, vijana wa miaka ya 2010 waliovuka urefu wa mita 150 na kukifanya kila kilichowatangulia kionekane kifupi.

Na mbele ya yote hayo, watu. Kwa kasi ya 1/500 pantoni inasimama katikati ya mkondo na unaweza kuwatazama mmoja mmoja: mama mwenye ndoo ya samaki, kijana aliyeshikilia baiskeli, wanafunzi wamebanana kwenye ukingo, bajaji zimepangwa puani mwa chombo. Ngalawa nazo zinarudi kutoka baharini kuelekea Soko la Feri. Hiyo ndiyo Dar inayofanya kazi, na haimo kwenye kalenda.

Ifikapo saa 4 au 5 mambo huharibika. Joto na unyevu hutandaza ukungu mweupe, majengo yanapauka, vivuli vinakwisha. Usipoteze muda hapo, nenda kale. Siku ya kuwahi ni ile inayofuata mvua ya usiku, hasa wakati wa masika, hewa ikiwa imeoshwa na vumbi limelala. Siku kama hiyo utahesabu madirisha.

Jioni mambo yanageuka. Jua sasa linazama upande wa jiji, na katikati ya mwaka huelekea kaskazini zaidi kuliko Desemba, kwa hiyo mahali linapoangukia huhama mwezi hadi mwezi. Majengo yanakuwa meusi, anga inakuwa ya chungwa, simu zinatolewa, watu wanapiga, wanaondoka. Wanaondoka mapema mno. Adhana ya magharibi ikishasikika, ngoja kama robo saa hivi. Rangi ya chungwa itafifia na anga itashika buluu iliyokolea, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya tabaka la ozoni linalochuja mwanga wa jua lililokwisha kuzama. Kwa dakika chache mwanga wa anga na mwanga wa taa hulingana nguvu. Mistari ya majengo bado inaonekana, madirisha yanawaka bila kuunguza picha, na maji yanabeba rangi zote mbili.

Muda huo kwetu ni mfupi. Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na jua letu huzama karibu wima. Mwanga wa kutosha kuona bila taa hudumu takriban dakika 20 tangu jua lizame. London mwezi Juni ni zaidi ya dakika 40. Mpiga picha wa huko ana nafasi ya kutafuta pembe nyingine. Wa Kigamboni lazima awe amekwisha kufunga stendi na kuchagua fremu yake jua likiwa bado juu.

Stendi ni lazima. ISO 100, tundu la lenzi f/8, shata wazi kwa sekunde kadhaa, na giza likiingia sawasawa, 10 hadi 20. Tumia kipima muda ili kidole kisitikise kamera, na uzime kitulizaji cha mtikisiko kilichomo kwenye lenzi. Mchanga mbichi una hila: miguu ya stendi huzama kidogo kidogo wakati shata iko wazi, na picha hutoka na taa zenye mkia. Ikandamize hadi igote, au itandikie vipande vya mbao. Mwenye simu aiegemeze ukutani, asiishike. Na anayeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi aiache kamera ndani ya begi izoee joto kwanza, la sivyo lenzi itafunikwa na mvuke dakika zile zile anazozihitaji.

Sasa tazama kilichotokea kwenye picha ya usiku. Pantoni imekuwa mstari wa mwanga. Mashua zilizotia nanga zimetikisika na kuonekana mbilimbili. Watu wametoweka kabisa. Jambo hili ni la kale kama fani yenyewe: mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris, mtaa wenye shughuli nyingi, ukatoka mtupu, kwa kuwa kamera ilihitaji dakika kadhaa na kila aliyetembea alifutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama akipigiwa viatu rangi.

Lakini usiku nao una ukweli wake. Unaonyesha ni ghorofa zipi zina watu na zipi zimejengwa zikabaki kiza huku jina la jengo likiwaka juu ya paa. Unaonyesha mtaa uliokatiwa umeme. Hayo mchana huyaoni, kwa kuwa vioo vyote vinang'aa sawa.

Mbalamwezi ina ratiba yake. Mwezi mpevu huchomoza nyuma yako, baharini, wakati jua linazama mbele yako; alfajiri yake ndipo huteremka upande wa jiji. Siku hizo ni za bamvua, na maji ya kujaa na kupwa yanapishana kwa zaidi ya mita 3. Yakipwa sana, mbele yako kutakuwa na mchanga na mawe mahali ulipotegemea taa ziakisike.

Tahadhari ni chache. Ikulu iko jirani na kivuko na haipigwi picha kiholela, vivyo hivyo maeneo ya jeshi. Kwenye pantoni na bandarini omba ruhusa kwanza. Droni ina vibali vyake. Usiku nenda na mwenzako.

Ninachokitamani zaidi ni kumbukumbu. Mstari wa majengo wa Dar umebadilika mno ndani ya miaka 20, na yapo majengo ya zamani yaliyobomolewa ambayo hatutayaona tena. Andika mwezi, saa na mahali uliposimama. Paa jekundu la Azania Front liwe alama yako ya kulinganishia, kwa kuwa limekuwapo pale kwa zaidi ya karne. Na kama nyumbani kuna albamu yenye picha ya wajomba na shangazi wamesimama ufukweni Kigamboni siku ya sikukuu, iwe ya miaka ya 1970 au 1980, usiwatazame wao tu. Nyuma ya mabega yao kuna jiji. Ipige nakala, waulize wazee ni mwaka gani, kisha nenda ukasimame pale pale.